Je, Kilio cha Mtoto Hupitwa na Wakati?

Wapendwa, jioni moja katika jumuiya yetu hapa Ilala dada mmoja alituomba tumsikilize. Alipokuwa na miaka 12 aliletwa kutoka kijijini kufanya kazi za ndani katika nyumba moja karibu na soko la Kariakoo. Alipigwa na kunyimwa chakula. Siku moja alitoroka akaenda ofisi ya umma kueleza. Aliyempokea alimrudisha kwa tajiri wake usiku uleule. Sasa ana miaka 27 naye ni mama. Alirudi kuuliza kwa nini alirudishwa, akajibiwa kwamba muda wa kulalamika umepita.

Tulikaa kimya. Je, ni kweli kwamba haki ina tarehe ya mwisho?

Tuitendee haki sheria kwanza. Ukomo wa muda haukuwekwa kwa ukatili. Mashahidi hufa, madaftari hupotea, na anayelaumiwa naye ni mtu wa Mungu, anahitaji kujitetea wakati bado anakumbuka. Sheria yetu ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 kwa kawaida hutoa miaka 3 kufungua kesi ya kudai fidia kwa madhara, na kwa mtoto hesabu huanza anapofikisha utu uzima. Kwa hiyo dada yetu alikuwa na nafasi hadi miaka 21. Lakini akiwa na miaka 21 alikuwa bado anafua nguo za watu, na bado aliamini kwamba kosa lilikuwa lake.

Si peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi hawakumwambia mtu yeyote. Aibu haisomi kalenda. Wahenga walisema: mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Tusome 2 Samweli sura ya 13. Tamari alilia hadharani, lakini kaka yake Absalomu akamwambia anyamaze. Mfalme Daudi alikasirika, kisha hakufanya kitu. Ikapita miaka miwili. Ikulu huenda ilidhani jambo limekwisha, kumbe lilikuwa linaiva, likazaa mauaji ndani ya nyumba ileile. Muda haukuliponya jeraha ambalo hakuna aliyelitazama.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Fidia inaweza kuwa na ukomo. Kusikilizwa hakuna. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda watoto wa eneo lake. Ofisi inaweza kumwambia mtu, “Hatuwezi tena kukulipa.” Haiwezi kusema, “Hatutaki kujua,” kwa sababu kwenye benchi lilelile leo ameketi mtoto mwingine. Lalamiko la dada yetu ni la miaka 15 iliyopita, lakini pia ni onyo kwa ajili ya mtoto huyo.

Na sisi je? Sheria hiyohiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Tulisikia vilio, tukaongeza sauti ya redio, tukasema ni mambo ya watu. Kabla ya kuilaumu ofisi, tukiri kwamba sisi tulikuwa mlango wa kwanza uliofungwa.

Toba yetu ianze na miguu. Wawili kati yetu wameahidi kumsindikiza dada huyu arudi pale, aombe maneno yake yaandikwe hata kama hakuna malipo. Na tukisikia mtoto analia leo, twende kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au tupige 116, namba ya bure. Tusiache miaka ihesabiwe tena. Bwana atusaidie kusikia mapema.