Refa Akidanganywa, Nani wa Kulaumiwa?



Kila mwisho wa juma, baada ya mechi kubwa, yapo maneno yasiyokosekana barazani, ndani ya basi, na hata chini ya mwembe wa kanisa watu wakingojea ibada ya pili: refa katuua. Walioshinda hawamtaji refa kabisa, na walioshindwa hawana mwingine wa kumtaja. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na mshabiki naye ni mwamba ngoma.

Katika miaka yangu ya kufundisha chuo cha ualimu, mojawapo ya mambo tuliyowafundisha walimu vijana ni kuchezesha mpira wa shule. Kwa hiyo shida za kipenga nazifahamu kiasi. Hata hivyo sikukusudia kuwatetea marefa wote. Nataka tujiulize swali moja tu: refa anapotoa uamuzi usio wa haki, hatia ni ya nani?

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mtu huyu hukimbia kilomita 10 na zaidi katika uwanja wenye urefu wa mita 100 hivi, akiwaangalia watu 22, na kila jambo huliona mara moja tu, kutoka upande mmoja tu. Mshika kibendera naye ana taabu yake. Ili ajue kama mchezaji ameotea, yampasa auone mguu unaopiga pasi na, wakati ule ule, awaone mabeki walio mbali na mguu huo. Jicho la binadamu halikuumbiwa kazi hiyo. Zamani huko Uingereza kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na refa alikaa nje ya uwanja akingojea hao wawili washindwe kupatana ndipo aulizwe. Mwaka 1891 aliingizwa ndani na kupewa neno la mwisho, na tangu hapo ugomvi wa wawili ukawa mzigo wa mmoja. (Kadi za njano na nyekundu, zilizotumika mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 huko Meksiko, zilibuniwa na refa Mwingereza, Ken Aston, ambaye kwa kazi yake alikuwa mwalimu wa shule. Sikushangaa nilipolisoma hilo.)

Wapo marefa waovu, hapana shaka. Novemba 2016, katika mechi ya Afrika Kusini na Senegal ya kuwania nafasi ya Kombe la Dunia, refa Joseph Lamptey wa Ghana alitoa penalti kwa madai kwamba beki wa Senegal ameunawa mpira, hali mpira ulimgonga gotini. Mwaka uliofuata FIFA walimfungia maisha kwa kosa la kupanga matokeo, na mechi ikarudiwa. Hiyo ni hila, na adhabu ilistahili. Lakini tazameni: hatia ile ilithibitishwa baada ya uchunguzi, watu wakapewa nafasi ya kujieleza. Sisi tunamwita refa mla rushwa kabla hajafika chumba cha kubadilishia nguo, na ushahidi wetu ni kwamba tumefungwa. Sijui kwa nini amri ya tisa tunaiacha mlangoni mwa uwanja.

Hila ni jambo moja na kukosea ni jingine. Lakini lipo la tatu, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu, nalo ni kudanganywa.

Tarehe 22 Juni 1986, mjini Mexico City, Argentina walicheza na Uingereza katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Refa alikuwa Mwafrika, Ali Bin Nasser wa Tunisia, na mmoja wa washika vibendera alikuwa Bogdan Dochev wa Bulgaria. Dakika ya 51 mpira ulipaa mbele ya goli la Uingereza. Diego Maradona, mtu mfupi, akaruka pamoja na golikipa Peter Shilton, akaupiga mpira kwa ngumi ya mkono wa kushoto ukaingia wavuni. Bin Nasser alieleza baadaye kwamba hakuuona mkono, akamtazama mwenzake, na mwenzake hakuonyesha kosa. Akakubali goli. Dakika nne baadaye Maradona alifunga jingine, la halali kabisa, ambalo wengi wanalihesabu kuwa goli zuri kuliko yote yaliyopata kuonekana. Argentina wakashinda 2–1.

Baada ya mechi Maradona alisema kwa mzaha kwamba lile la kwanza lilifungwa na mkono wa Mungu, maneno ambayo mimi binafsi hayajapata kunichekesha. Dunia ilicheka. Jina la Maradona likapanda, na lawama zikawafuata Bin Nasser na Dochev miaka yote. Hapo ndipo pananishinda. Uwanjani siku ile walikuwako maelfu ya watu, na aliyeujua ukweli bila shaka yoyote, kwa kuwa mkono ulikuwa wake, alikuwa mmoja. Huyo tulimbeba mabegani. Waliodanganywa tuliwalaani. Mtu akiuziwa ng'ombe wa wizi kwa hila, je, tunamzomea mnunuzi na kumshangilia mwizi?

Kijana mmoja msomi alinipinga hivi: refa yupo ili aone, mchezaji yupo ili ashinde, na hata mahakamani mshtakiwa halazimishwi kujishtaki. Hoja hiyo ina nguvu, wala sipendi kuipita kwa haraka. Ni kweli kwamba mahakama haimlazimishi mtu kujitia kifungoni. Lakini mchezaji aliyenyamaza hakujiokoa na kifungo, bali amechukua kitu cha mwenzake na kumtumia refa kama mkono wa kukichukulia. Aidha kunyamaza kwenyewe si kunyamaza, maana yule aliyeunawa mpira hukimbia akishangilia ili refa aamini. Mwili wake wote unatoa ushahidi. Kwa hiyo nasema ni uongo, hata kama mdomo haukufunguka.

Wengine watasema mambo hayo yamekwisha, kwa kuwa tangu Kombe la Dunia la mwaka 2018 refa ana wasaidizi wanaotazama picha za televisheni. Mitambo hiyo imesaidia, tena sana. Goli la mwaka 1986 lisingepita leo. Lakini matusi hayakupungua. Yamehamia kwa walioketi mbele ya picha. Na viwanja vyetu vya shule na vya mitaa, ambako watoto wanajifunza mchezo pamoja na tabia zake, havina mtambo wowote ila macho ya mwalimu.

Tusidhani kwamba ni maneno matupu. Desemba 2012, mjini Almere, Uholanzi, mzazi mmoja aliyejitolea kushika kibendera katika mechi ya mwanawe alipigwa na wachezaji vijana wa timu pinzani, akafa siku iliyofuata. Vijana wale hawakuzaliwa na chuki ile. Kwa miaka mingi walisikia watu wazima pembeni mwa uwanja wakipiga kelele.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 2015 Maradona alikwenda Tunisia, akamtembelea Bin Nasser nyumbani kwake na kumpa fulana yenye maneno ya urafiki. Nafurahi kwamba alikwenda. Lakini ilikuwa imepita miaka 29.

Hivi karibuni niliwasimulia vijana wetu habari za Mjerumani Miroslav Klose. Septemba 2012, akiichezea Lazio ya Italia dhidi ya Napoli, aliingiza goli kwa mkono, refa akalikubali, naye mwenyewe akamwendea refa na kumwambia ukweli. Goli likafutwa, na wapinzani wakaja kumshika mkono. Vijana walisikiliza kimya, kisha wote wakauliza swali moja: mechi iliishaje? Nikawaambia Lazio walifungwa 3–0. Wakacheka sana, na tukaendelea kubishana hadi giza likaingia.