Paa Linanepa, Kompyuta Yasema Shwari

Jioni ya tarehe 17 Januari 1978, watu wapatao 5,000 walijaa kwenye ukumbi wa michezo wa mji wa Hartford, jimbo la Connecticut nchini Marekani, kutazama mpira wa kikapu. Mechi ikaisha, watu wakaenda zao kulala. Usiku huo theluji ilikuwa nyingi. Saa kumi na robo alfajiri paa zima, lenye uzito wa tani zipatazo 1,400, likaporomoka kutoka urefu wa mita 25 na kufunika viti walivyokuwa wamekalia. Hakufa mtu hata mmoja. Ni saa chache tu zilizowatenga watu wale na msiba.

Kisa hiki ni cha zamani, lakini nakisimulia leo kwa sababu akili mnemba imeshaingia kwenye saiti zetu, na kosa la Hartford ni la aina ambayo mimi na wewe tunaweza kulirudia kesho asubuhi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi wa ukumbi ule walitaka paa kubwa, karibu mita 91 kwa 110, lisilo na nguzo katikati. Walibuni kenchi ya tabaka mbili za vyuma zilizounganishwa kwa vyuma vya mshazari, yote ikikalia miguu minne tu. Hesabu za muundo kama huo kwa mkono ni balaa, hivyo wakatumia kompyuta, jambo geni siku hizo. Ilikadiriwa kwamba njia hiyo ingeokoa nusu milioni ya dola. Nani angekataa?

Paa liliunganishwa likiwa chini, kisha likanyanyuliwa kwa jeki mwaka 1973. Dalili ya kwanza ilijitokeza hata kabla ya kunyanyuliwa: wakaguzi waliwaarifu wahandisi kwamba baadhi ya viungo vinanepa kupita kiasi. Kazi ikaendelea.

Dalili ya pili ilikuja paa lilipofika mahali pake, kabla halijaezekwa. Lilipimwa, likaonekana limenepa mara mbili ya kiasi kilichotabiriwa na kompyuta. Wahandisi wakaambiwa. Jibu lao lilikuwa kwamba tofauti kati ya hesabu na hali halisi ni jambo la kutarajiwa. Tofauti ndogo, naam. Lakini mara mbili? Na paa lilikuwa bado halijabeba mzigo wake wote.

Dalili ya tatu waliiona mafundi, na ndiyo inayonisikitisha zaidi. Waliopewa kazi ya kufunga mabamba ya pembeni walikuta vishikizo havikai. Kila kitu kilikuwa kimetengenezwa kwa vipimo vya ramani, lakini chuma kilichokuwa mbele yao kilikuwa kimeshuka. Walipolalamika, wakaamriwa na mkandarasi mkuu watatue wenyewe, la sivyo watabebeshwa gharama za ucheleweshaji. Wakafanya lile ambalo fundi yeyote angefanya: vishikizo vingine wakavikata, vingine wakavitengeneza upya, hadi mabamba yakakaa. Kwa nje paa likapendeza, na kasoro ikafichwa na wale wale walioiona.

Tena, pendekezo la kuajiri mhandisi wa miundo wa kukagua kazi pale saiti lilikuwa limekataliwa, eti ni kupoteza fedha. Hata raia mmoja wa kawaida aliinua macho, akaona paa linavyonepa, akaeleza wasiwasi wake. Jibu likawa kwamba paa ni salama.

Baada ya ajali, wachunguzi waligundua kwamba kompyuta haikukosea kujumlisha. Ilipiga hesabu sahihi za paa ambalo halikuwepo. Iliambiwa kwamba kila chuma cha juu, chenye urefu wa mita 9, kimeshikwa barabara katikati kisipinde. Chuma kikishikwa katikati hufanya kazi kama vipande viwili vya mita 4.5, na uwezo wake wa kuhimili mgandamizo bila kupinda unakuwa mara nne. Lakini jinsi viungo vilivyotengenezwa, vyuma vingi havikushikwa hivyo. Vyuma vya pembezoni ndivyo vilivyoelemewa zaidi, na paa lilianza kushindwa taratibu tangu lilipokamilika. Theluji ilimalizia tu.

Tuje kwetu sasa. Faida za akili mnemba katika ujenzi si za kubeza. Droni hupiga picha za saiti, programu ikazilinganisha na ramani na kuonyesha nguzo iliyohama. Kamera humtambua kibarua asiyevaa kofia ngumu. Programu nyingine husoma ramani na kukadiria saruji, nondo na matofali kwa dakika chache, kazi inayoweza kumla mkadiriaji majenzi siku kadhaa. Hata mwenye nyumba sasa anaishika simu na kuuliza zege la msingi lichanganywe vipi.

Hapo ndipo tuwe macho. Kompyuta ya Hartford ilitoa namba kavu. Hii ya leo inajibu kwa maneno laini, kama mhandisi mwenye uzoefu wa miaka mingi. Lakini haijaona udongo wa kiwanja chako. Haijui kama mchanga wako una chumvi, wala haijui kwamba kibarua ameongeza ndoo ya maji ili zege liwe laini kumwaga. Nami nisijitoe: nikiwa na jibu safi kwenye kioo cha simu, na fundi ananilalamikia jua likiwa la utosi, sina hakika kwamba ningemsikiliza fundi.

Basi tujiwekee utaratibu kabla kichwa hakijapata moto. Programu ikikupa jibu, iulize imechukulia nini kuwa kweli, kisha nenda na tepu na pima maji ukahakikishe kama ndivyo kulivyo. Hesabu za nguzo, mihimili na misingi zipitiwe na mhandisi aliyesajiliwa, na afike saiti kwa miguu yake, asitosheke na picha. Kabla ya kuanza, andikeni kwenye daftari la saiti kiasi cha kunepa au kuhama kitakachosimamisha kazi, ili siku hiyo ikifika pasiwe na mjadala wa fedha na muda.

Na fundi akisema kitu hakikai, usimwambie akikate kikae. Panda ngazi, upime naye. Kipimo kikipishana na hesabu, anza kwa kuishuku hesabu, kwa kuwa chuma na zege haviwezi kudanganya kuhusu hali yao. Siku moja ya kazi iliyosimama inauma mfukoni, najua. Hartford waliogopa gharama hiyo, kisha wakalazimika kujenga upya, na ukumbi ukafunguliwa tena mwaka 1980. Sisi huenda tusipate bahati ya paa kusubiri hadi watu watoke.