Chumba cha Mtu

Tukiulizwa kwa nini tumefuata njia ya utafiti, wengi hutaja ndoto za utotoni. Mimi sikuwa nayo. Baada ya mwaka wa pili chuoni nilitaka kazi ya benki. Likizo ndefu ikanipeleka Bonde la Kilombero, kutega mbu.

Kazi yenyewe ni ndogo. Jioni unatundika mtego wa taa upande wa miguu ya mtu aliyelala ndani ya chandarua. Mbu wanaomfuata huvutwa na taa, feni ikawanyonya. Alfajiri unabisha hodi, unachukua mfuko, unahesabu: Anofelesi, waenezao malaria, huku, Kuleksi kule. Wiki ya tatu nilikuwa naamka kabla ya kengele, nikitaka kujua usiku umeleta nini. Njia yangu ikapinda hapo.

Lakini ilipindia chumbani kwa watu. Mama mmoja alimfungulia mgeni mahali wanapolala wanawe, wiki nane. Mimi nilipata ripoti, kisha nafasi ya shahada ya uzamili. Yeye alibaki na mbu.

Je, wito uliozaliwa chumbani kwa mwingine ni mali yangu peke yangu? Sidhani. Aliridhia, ndiyo, tena kwa saini. Ila ridhaa hufungua mlango tu, deni hailipi. Deni hulipwa kwa kumrudishia majibu, kwa lugha anayoielewa, hata kama jibu lenyewe ni kwamba bado hatujui. Mtafiti asiyerudi ana kazi. Wito bado hajaupata.