Mtaalamu Apimwe kwa Mizani Gani?

Siku hizi kazi ya mtaalamu wa viumbe hai hupimwa kama karafuu, pishi kwa pishi. Huulizwa: Ameandika makala ngapi? Wenziwe wamezitaja mara ngapi? Hesabu hiyo imekua tangu miaka ya 1960, Eugene Garfield wa Marekani alipoanza kutoa orodha za kuonyesha nani amemtaja nani. Mwaka 2005 Jorge Hirsch akatunga kipimo kingine: mwenye makala 20, ambazo kila moja imetajwa walau mara 20, hupewa alama 20. Kwa alama hizo watu hupata kazi, vyeo na fedha za utafiti. Je, mizani hiyo ni ya haki?

Haitupasi kuidharau. Kumtaja aliyetutangulia ni deni la haki. Atwaaye fikira ya mwenziwe asimtaje, ameiba. Tena hesabu yaweza kumkinga kijana maskini asiye na mjomba mkubwa ofisini. Lakini kutajwa ni shukrani, na shukrani ikigeuzwa kuwa mshahara, watu wataitafuta kwa hila. Wako wanaojitaja wenyewe bila haja. Wako wanaopeana zamu ya kutajana. Wahenga walikwisha kuonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Na tutazame mambo yaliyotendeka Unguja. Kwa miaka mingi mbung'o walieneza huko nagana, maradhi ya kudhoofisha na kuua ng'ombe. Wataalamu waliochunguza uzazi wa mdudu huyu waliona ajabu: jike hatagi mayai, bali humlea funza mmoja tumboni kwa maziwa yake, na kwa kawaida hukutana na dume mara moja tu maishani. Hapo ndipo mlango ulipopatikana. Baada ya dawa kuwapunguza mbung'o, madume walifugwa Tanga, wakapigwa mionzi ili wasiweze kuzalisha, na tangu mwaka 1994 wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike aliyekutana na dume wa namna hiyo hakupata mtoto. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika.

Habari hizo ziliandikwa, na wataalamu huzitaja hata leo. Lakini mfugaji ambaye ndama wake anakua salama haandiki makala. Shukrani yake haimo katika orodha yoyote. Wala hawamo waliowalisha mbung'o Tanga na kukagua mitego msituni. Basi hesabu ya kutajwa yaonyesha kweli sehemu ya faida, na sehemu nyingine, pengine iliyo kubwa zaidi, haiioni kabisa.

Tena hesabu hiyo ina haraka. Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, alipanda njegere kwa miaka minane, akagundua kanuni za urithi wa viumbe. Aliitoa kazi yake mwaka 1866, na karibu hapana aliyeijali. Alifariki mwaka 1884. Wataalamu wakaizindua mwaka 1900. Kama angepimwa kwa kipimo cha leo, angalionekana si kitu. Je, kanuni zake zilikuwa za uongo kwa miaka 34, zikawa kweli siku zilipotajwa?

Kwa hiyo twasema: kutajwa ni dalili tu, na dalili si hukumu. Wagawao vyeo na wasome kazi yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha taasisi ya sayansi za bahari katika Mji Mkongwe mwaka 1978. Kijana akichunguza huko kwa nini mwani wa akina mama wa Paje huoza bahari ipatapo joto, huenda atatajwa na wachache kuliko mwenziwe afuataye mambo yanayopendwa ng'ambo. Asiliache swali lake kwa sababu hiyo. Alijibu kwa ukweli, aliandike waziwazi, awataje kwa haki waliomsaidia.

Nanyi wazazi, mwana wenu msomi arudipo nyumbani na sifa zake, furahini naye. Kisha mwulizeni kazi yake imemfaa nani. Mungu huhesabu hata kikombe cha maji kilichotolewa pasipo shahidi.