Ufunguo Uko kwa Nani?

Shosho wangu ameweka maisha yake ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mna hati ya shamba, kadi za kliniki za watoto wake na risiti za chama cha ushirika kilichokufa zamani. Vyote amevifunga kwa mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka wa 2017. Nimemcheka sana. Yangu yote yako kwa simu.

Halafu mwaka jana nikaomba kazi ya kuandika, na wenye kazi wakataka kuona nilisoma nini chuoni kabla sijaacha. Niliacha mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda. Nikaingia kwenye potali ya chuo na kukuta ujumbe mmoja: una deni, huwezi kuona matokeo. Mitihani niliifanya mimi, nikakesha mimi, lakini alama zangu ziko nyuma ya mlango ambao si wangu. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Nilipomsimulia Shosho, aliuliza tu, "Na wewe hukuchukua karatasi zako?" Hakukuwa na karatasi za kuchukua.

Sasa, sitaki kuwa yule kijana anayelilia zamani asizozijua. Karatasi imetutesa nchi hii. Mtu alipanda basi la usiku kuja Nairobi, akaambiwa faili limepotea, arudi wiki ijayo. Akitoa chai, faili linapatikana. Tangu eCitizen ianze mwaka wa 2014, unaweza kulipia huduma nyingi ukiwa kitandani, bila kumwangalia mtu usoni ukikisia anataka ngapi. Hiyo ni heshima, na si ndogo.

Tena karatasi nayo ilifungiwa. Wengi wetu tunamjua mtu ambaye cheti chake cha KCSE kilikaa miaka kwenye kabati la shule kwa sababu ya salio la karo. Kwa hivyo shida yangu haikuletwa na kompyuta. Iwe kabati au potali, swali la haki ni lile lile: ushahidi wa maisha yako ukiwa mikononi mwa mwingine, ana ruhusa ya kuufanyia nini?

Naona tunahama bila kulijibu. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, huduma zikakwama, hadi serikali ikalazimika kuwapa wageni viza wakifika. Mgeni alipata njia ya pembeni. Mwananchi wa kawaida huambiwa "sistimu iko chini", mtoto halali wa "faili limepotea", na hakuna wa kulaumiwa.

Kuna pia huku kupunguza karatasi kwa mdomo. Unajaza fomu mtandaoni, kisha unaambiwa uichapishe, utoe kopi, ulete dirishani. Karatasi iliyokuwa ikinunuliwa na ofisi sasa unainunua wewe, kwa saiba ya jirani. Na kama hujui kutumia simu, kijana wa saiba ndiye anayekujazia, akijua nambari yako ya kitambulisho na nywila yako. Shosho akienda huko, anamkabidhi mtu asiyemjua sanduku lake zima.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kufikia taarifa zake zinazoshikwa na wengine. Mimi naielewa hivi: deni ni deni, nidai, nitalipa polepole. Lakini alama zangu si mbuzi wa kushikwa rehani. Anayetaka tuache karatasi atupe kwanza kile karatasi ilichotupa: nakala ninayoweza kuishika hata nikiwa sina bando, na mtu wa kuuliza sistimu ikilala. Na kama ofisi tayari ina taarifa zangu, isinitume nikachapishe ilicho nacho.

Nilipoenda ocha Desemba, Shosho alifungua sanduku akatafuta risiti fulani. Chini kabisa nilikuta cheti changu cha KCPE. Nilidhani kilipotea. Nikamwomba anirudishie, akanipa papo hapo, bila kuniuliza kama nina deni lake. Ninalo, na ni kubwa.