Mgeni wa Siku Nyingi

Juma lililopita, baada ya Misa, alitujia mama mmoja akiwa na bahasha mkononi. Binti yake amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, katika nchi ya Italia, naye atakaa nyumbani mwa watu, si katika bweni la chuo. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya watu hao, ya upole na ya heshima. Lakini mama hakuja kutuonyesha barua. Alikuja na swali. "Padre," alisema, "mwaka ule wa korona watu wa huko walifungiwa ndani majuma mengi. Likirudi jambo kama lile, mwanangu atakuwa nani katika nyumba ile?"

Hatukumjibu siku ile. Twajua kwamba jibu la haraka lingemtuliza tu, wala lisingemfaa. Tulikwenda kwanza kwa dada mmoja aliyekuwa huko mwaka 2020, ambaye sasa amerudi nchini. Akatueleza mambo yake yote, hata yale yasiyompendeza, akaturuhusu tuyaandike bila ya kutaja majina.

Dada huyo alikaa karibu na Bergamo, kaskazini mwa Italia. Wasomaji wetu wazee watakumbuka upande ule, maana huko, katika kijiji cha Sotto il Monte, ndiko alikozaliwa Papa Yohane XXIII, yeye aliyemfanya Laurian Rugambwa kuwa kardinali mwaka 1960. Nyumba ilikuwa na watu watatu: baba, mama, na bibi mzaa mama, aliyepita miaka 80. Mgeni alifika mwezi wa Septemba 2019. Wakampa chumba cha juu, na ufunguo, na kiti mezani. Walimtendea mema, lakini kwa kipimo cha mgeni. Vyombo hakuosha, dukani hakutumwa. Sisi kwetu twasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale hawakumpa jembe. Yeye naye, kama alivyotuambia mwenyewe, akazoea kiti.

Tarehe 8 Machi 2020 Lombardia yote ilifungwa, na tarehe 10 nchi nzima. Mtu hakuweza kutoka mlangoni bila ya karatasi aliyotia sahihi mwenyewe, kueleza anakwenda wapi na kwa haja gani. Misa za hadhara zikakoma, wala hazikurudi mpaka tarehe 18 Mei. Hapa Tanzania makanisa hayakufungwa, kwa hiyo wengi wetu hatujui maana ya kuadhimisha Pasaka jikoni, mbele ya televisheni. Sisi tunaotengeneza magazeti hatutasahau gazeti la L'Eco di Bergamo la tarehe 13 Machi mwaka ule: kurasa kumi za matangazo ya vifo. Usiku wa tarehe 18 malori ya jeshi yalichukua majeneza kutoka Bergamo kuyapeleka kuchomwa katika miji mingine, maana mahali pa kuchomea maiti pa mji wenyewe palikuwa pamezidiwa.

Katika siku hizo za kwanza mgeni wetu alipata rafiki, naye ni yule bibi. Watu wa Bergamo hula polenta, nayo ni ugali wa mahindi, unaosongwa kwa mwiko katika chungu cha shaba. Bibi alipomwona binti wa Kiafrika akishika mwiko kwa mikono miwili na kuusonga unga bila ya kufundishwa, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile walikuwa wakikaa pamoja jikoni, wala lugha haikuwa tena kizuizi kikubwa.

Basi, katikati ya mwezi huo, binti alifanya kosa. Upweke wa lugha ya kwao ulimshinda. Alijaza karatasi kwamba anakwenda kununua dawa, akaenda kwa wenzake wawili wa Afrika Mashariki, akakaa saa moja. Walikunywa chai, wakazungumza Kiswahili, akarudi. Siku nane baadaye bibi alishikwa na homa. Ni nani aliyeleta ugonjwa ndani? Baba naye alikuwa akienda dukani kila juma na kusimama katika foleni. Hakuna ajuaye, wala hatajulikana. Lakini siku gari la wagonjwa lilipomchukua bibi, mama wa nyumba alisimama chini ya ngazi akamwuliza mgeni wake: "Kwa nini ulikuja nyumbani kwetu?"

Jioni ya tarehe 27 Machi Papa Fransisko, ambaye Mungu alimwita mwaka 2025, alisimama peke yake katika uwanja wa Mtakatifu Petro uliokuwa mtupu, mvua ikinyesha, akahubiri juu ya mitume waliokumbwa na dhoruba chomboni. Katika nyumba ile mama na baba walimtazama sebuleni. Binti, aliyetakiwa kujitenga chumbani mwake, alimtazama katika simu. Bibi alifariki hospitalini mwanzoni mwa Aprili. Hapakuwa na mazishi ya kanisani, maana yalikuwa yamekatazwa. Padre mmoja alibariki jeneza, watu wake hawapo.

Swali lile la chini ya ngazi si geni. Limo katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, katika sura ya 17, chatusimulia habari za Nabii Eliya wakati wa ukame. Mungu alimtuma ng'ambo, Sarepta katika nchi ya Sidoni, akakae nyumbani mwa mjane maskini mwenye mtoto mmoja. Sisi mapadre twapenda kuhubiri juu ya kopo la unga lisilokwisha na chupa ya mafuta isiyopungua, tena huhubiri hasa siku tunapotaka sadaka. Humo twaishia. Lakini habari haiishii humo. Mgeni alikaa siku nyingi, na mtoto wa nyumba akaugua, akafa. Ndipo mjane akamgeukia Eliya na kumwuliza ana nini naye, na kama amekuja kukumbusha dhambi zake na kumwua mwanawe.

Na tutazame alilofanya Eliya. Hakujitetea. Hakusema, "Ni kwa ajili yangu mmekula mpaka leo." Alimwomba mjane ampe mtoto, akampandisha juu katika chumba alimokaa yeye, akamlaza juu ya kitanda chake mwenyewe, akamlilia Mungu. Maana yake, msiba wa wenyeji aliuingiza chumbani mwake. Kwa maneno ya sasa, alikoma kuwa mgeni.

Twafundisha sana wajibu wa mwenyeji, na ni haki, maana Bwana wetu amesema atatuhukumu kwa huo. Wajibu wa mgeni twaufundisha kidogo. Tena twausahau upesi tukifikiri juu ya wana wetu walio ng'ambo: twauliza kama watapewa chakula na joto, wala hatuulizi wao watatoa nini.

Binti yule hakuwa nabii, na bibi hakufufuka. Lakini alifanya jambo moja lililohitaji moyo. Siku zake za kujitenga zilipokwisha alishuka jikoni, akawaeleza wenyeji wake habari za karatasi ya uongo na ile saa moja ya chai. Angeweza kunyamaza; hakuna aliyemshuku kwa jambo hilo. Baba akatoka nje ya chumba. Mama hakusema neno. Siku tatu sahani yake iliwekwa mlangoni, kama alipokuwa karantini. Nchini kwetu kurudi hakukuwezekana, maana mwezi huo Tanzania nayo ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa. Anasema kwamba katika siku hizo tatu alijifunza kusali kuliko katika miaka yake yote ya shule ya masista.

Siku ya nne mama alibisha hodi. Alisema bega lake linamwuma, na polenta haisongi mwenyewe. Binti akashuka, akashika mwiko. Tangu siku ile aliosha, alipiga pasi, alikwenda dukani kwa karatasi ya kweli, na usiku akaongoza Rozari kwa ajili ya marehemu kwa Kitaliano chake kibovu. Tulimwuliza kama mama yule alimwambia kwamba amemsamehe. Alisema hapana, hakupata kulitamka neno hilo hata mara moja. Lakini tarehe 4 Mei, watu walipoanza kuruhusiwa kuwatembelea jamaa zao, mama alimpeleka kwa dada yake, akamjulisha kwa kusema, "Huyu ni wetu."

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya Ulaya tu. Nyumba zetu za mijini zimejaa wageni wa siku nyingi: mtoto wa ndugu aliyeletwa kusoma, msichana wa kazi aliyetoka mbali. Mwaka 2020 tulisikia juu ya msichana aliyekwenda kwao kuzika, na aliporudi alikuta nguo zake katika mfuko nje ya geti. Walikuwa Wakatoliki. Tulikunywa chai nao, na tulinyamaza, na kwa hilo hatuna cha kujitetea.

Tulipomwona tena yule mama wa bahasha, tulimwambia amwache binti yake aende. Kwamba hatajua atakuwa nani katika nyumba ile mpaka siku mbaya ifike, hilo hatukumficha. Tulimwambia amfundishe kuomba jembe siku ya tatu, asingoje kupewa. Tena, kabla binti hajaondoka, amwandikie mama wa huko barua, mama kwa mama, kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa lugha gani, Padre?" akauliza.

Kwa Kiswahili. Binti atamsomea mezani.