Hiari na Deni la Urafiki

Anayejifunza Kifaransa huonywa mapema kuwa mtu mzima asiyemjua hamwambii "tu" hivi hivi. Humwambia "vous", mpaka mmoja wao apendekeze waiache na mwenzake aridhie. Kwa desturi hiyo urafiki una mlango, na aliyeingia anajua kaingia. Michel de Montaigne, mwandishi wa Kifaransa ambaye insha zake zilitoka mara ya kwanza mwaka 1580, alikwenda mbali zaidi. Baba na mwana, ndugu kwa ndugu, hawaufikii urafiki kamili, kwa kuwa hakuna aliyemchagua mwenziwe. Urafiki wa kweli, kwake, hauna sababu nje ya nafsi yake, haugawiki kwa watu wengi, na huenda ukatokea mara moja tu katika karne tatu. Kwamba pasipo hiari hapana urafiki, nakubali. Kwamba hiari na deni la kindugu ni vitu viwili vya mbalimbali, sikubali hata kidogo.

Ushahidi uko karibu na Mkomani, Mombasa. Kengele iliyoupa mtaa jina la Kengeleni ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wengi wao wametenganishwa na wazazi, na ukoo wa kuwazika hawana. Kijiji walipangiwa na wazungu, hilo halina ubishi. Lakini nani atakuwa shangazi wa nani, hakuna misheni inayoweza kuamuru. Palipokosekana damu, aliyekuuguza ndiye ndugu yako. Hapo hiari ndiyo iliyozaa deni, na deni likairithisha hiari kwa watoto.

Nitaambiwa kwamba kwetu mtu huenda mazikoni kwa kuogopa kusemwa, na hofu si urafiki. Wapo, tena wengi. Lakini mwenye kuogopa kusemwa hukaa kiasi cha kuonekana, basi. Yuko mwingine anayebaki kukunja mikeka na kurudisha masufuria ya watu, na baada ya miezi mitatu, matanga yameshasahaulika, akapita kumuuliza mjane karo ya watoto imefikia wapi. Huyo hakuna baraza linalomtazama. Kumwita mtumwa wa desturi ni kumdhulumu.

Na Montaigne mwenyewe ni shahidi wangu. Rafiki yake Étienne de La Boétie alipougua mwaka 1563, kwa maradhi yaliyohofiwa kuambukiza, Montaigne hakumkimbia. Alikuwa naye hadi kufa. Mgonjwa alimwachia vitabu vyake na maandishi yake, naye mwaka 1571 akayachapisha mengi ya maandishi hayo. Hakuna sheria iliyomlazimisha, wala jirani wa kumsema. Hata hivyo angeyatupa sandukuni na kuendelea kujiita rafiki, asingejiamini yeye mwenyewe.